Treni Inaacha Njia Kwenye Maungio

Swali: Mhariri, sisi marafiki wanne tunajenga reli ya mfano kwa ajili ya maonyesho, kila mmoja na ubao wake, lakini tukiziunganisha mbao hizo treni huacha njia kwenye maungio. Tufanyeje?

Jibu: Katika kipimo cha reli za mfano kiitwacho HO, yaani 1:87 (mfano ni mdogo mara 87 kuliko treni halisi), upana wa njia ni milimita 16.5 tu, hivyo reli zikipishana kidogo gurudumu huanguka. Fungeni kwanza mbao kwa boliti, ndipo mlaze reli nzima kupita juu ya ungio, muilehemu kwenye skrubu za shaba zilizokazwa pande zote mbili, na mwishowe muikate kwa msumeno mwembamba. Wengi hukata kwanza (hata mimi nilifanya hivyo), kisha wakailaumu treni.