Jibu: Standard au Ultimate ya FC?

Mdogo wangu, umeuliza kama uongeze pesa uagize mapema toleo la Ultimate la FC, gemu la mpira wa miguu la EA Sports, na unacheza na kaka zako sebuleni hapo Uyole. Chukua Standard, toleo la kawaida.

Kwa FC 25, Standard ilikuwa dola 69.99 na Ultimate dola 99.99. Hizo dola 30 zilikuletea nini? Kuanza siku saba mapema, tarehe 20 Septemba 2024 badala ya 27, na FC Points 4,600, yaani pesa za ndani ya gemu. Pointi hizo zinaishia kwenye Ultimate Team, sehemu ya gemu unakojenga kikosi chako kwa kadi za wachezaji, kufungua pakiti za bahati. Nyie mnaocheza Kick Off, mechi za kawaida za papo hapo, kwa pedi mbili hazitawagusa kabisa! Na hata ukijenga kikosi cha hatari, mwaka unaofuata hakihami, unaanza upya.

Mimi niliwahi kununua Ultimate, nikamaliza pakiti zote jioni moja. Iliniuma sana.

Kama kuna duka Mwanjelwa linaloleta diski, nunua diski. Ukiichoka utabadilishana na mwenzako, na bando la kupakua gemu zima utalipunguza. Iliyopakuliwa huwezi kumuuzia mtu.

Ila ukiwa mtu wa Ultimate Team kila usiku, zile siku saba zina maana kweli.