Wakikuongezea kikomo cha kadi, kubali

Dada yangu, umeuliza kama ukikubali benki ikupandishie kikomo cha kadi ya mkopo, yaani kiasi cha juu unachoweza kukopa, kutoka dola 500 hadi 2,000, alama zako za mkopo hapo Marekani (namba inayowaonyesha wakopeshaji jinsi unavyoaminika kulipa madeni) zitashuka. Kikomo kikubwa hakishushi alama. Mara nyingi huzipandisha. Mfumo wa FICO, ambao hukokotoa alama hizo, huangalia umetumia sehemu gani ya kikomo. Deni la dola 400 kwenye kikomo cha 500 ni asilimia 80, kiwango kinachoumiza sana. Deni lilelile kwenye 2,000 ni asilimia 20 tu.

Ila ukiomba nyongeza mwenyewe, uliza kwanza kama watafanya ule ukaguzi wa rekodi unaopunguza alama kidogo.

Jambo ambalo wageni wengi hawaambiwi: benki nyingi hupeleka taarifa ya deni siku ankara ya mwezi inapofungwa, si siku ya mwisho ya kulipa. Kwa hiyo lipa mapema, kabla ankara haijatoka. Na usichelewe kamwe, maana historia ya malipo pekee hubeba asilimia 35 ya alama.

Kama unajijua kwamba nafasi ikiwepo utaitumia yote, afadhali ubaki na hizo 500.