Muulize Anti: Hao watu wa Alaska wanaishi aje bila shamba?

SWALI: Habari yako Anti. Kijana wangu wa gredi ya saba amepewa kazi ya skuli kuhusu watu wanaoitwa Yup'ik wa Alaska. Anasema hawalimi, wanakula samaki mkavu na mafuta ya sili, yule mnyama wa baharini, na mimi nikamwambia labda ni umaskini tu. Sasa ananiuliza samaki haozi aje na mboga wanatoa wapi, nikakosa jibu. Mama Kijana, Nakuru

JIBU: Mama Kijana, hapo kwa umaskini tafadhali mwambie kijana afute, juu hao watu wanajua kazi yao vizuri sana. Wako kusini magharibi mwa Alaska, lile jimbo la Marekani la kaskazini kabisa, kwa mito ya Yukon na Kuskokwim, ardhi ni baridi sana na chini imeganda, sasa mahindi utapanda wapi? Lakini kiangazi samaki wanaoitwa samoni wanapanda mtoni kwa wingi, na familia zinahamia kambi za samaki kando ya mto, watoto, nyanya, kila mtu.

Kuhusu kuoza, mtu wa Kisumu ataelewa haraka manake ni kama obambla yetu, samaki anapasuliwa anafunguliwa anakaushwa. Wamama wanatumia uluaq, kisu cha nusu mwezi chenye mpini juu, wanatoa mfupa wa mgongo lakini mkia wanauacha ukishikanisha zile pande mbili ndio samaki aning'inie kwa mti, halafu nyama inakatwa mistari mistari upepo uingie mpaka ndani. Ikishika ngozi kavu kwa juu inapelekwa kwa kibanda cha moshi, na moto unakuwa mdogo, moshi ndio unafanya kazi. Wakati wa kula unachovya kwa mafuta ya sili.

Mboga wanachuma porini na matunda pia, ndio yanaingia kwa akutaq, yaani mafuta yanapigwa kwa mkono hadi yawe laini halafu unachanganya matunda, wengine wanaongeza samaki. Kuna hii nayo naipenda sana: panya wa porini huweka akiba ya mizizi chini ya ardhi, wamama wanaitafuta wakati baridi inakaribia, wanachukua kiasi tu na kumwachia panya samaki mkavu kidogo, juu na yeye ana msimu wa baridi wa kupita.

Kitu kingine aandike ni kugawana. Kijana akiua sili wake wa kwanza familia haijifungii ndani ile peke yake, nyama inagawiwa, na kwa vijiji vingine mama anaita wanawake anawarushia zawadi.

Wanaenda duka pia, wana intaneti na bunduki na boti za injini. Shida ni kwamba vijiji vingi havina barabara ya kuviunganisha na miji mikubwa, vitu vinaletwa na ndege ama meli, kwa hivyo bei iko juu sana. Ndio maana kupungua kwa samoni kunawaumiza vibaya, na mwaka 2024 Alaska na Kanada zilikubaliana kusimamisha uvuvi wa chinook, aina moja ya samoni, wa mto Yukon wanaoenda kuzaa Kanada, kwa miaka 7. Kwa familia ambayo stoo yake ni huo mto, hiyo ni miaka mingi, na kijana akiwa na nafasi ya ukurasa mmoja wa ziada autumie hapo.