Kupulizia rangi vitasa bila kuchafua mlango

Dada, umeuliza kama unaweza kupulizia vitasa vikiwa bado mlangoni. Vifungue tu, ni skrubu chache. Zichomeke skrubu kwenye boksi gumu, vichwa juu, uzipulizie humo humo. Kitasa kisugue kwa msasa laini, futa vumbi na mafuta yote, kisha kipulizie nje pasipo upepo, kopo la rangi likiwa umbali wa sentimita 25 hadi 30. Wengi huharibu hapa: wanataka rangi ikolee mara moja, inachuruzika. Piga tabaka jembamba, subiri likauke, rudia. Anza kubonyeza kabla hujakifikia kitasa, achia ukishakipita. Tundu la ufunguo lizibe kwa tepu. Na uvae barakoa, tafadhali, ule moshi wa rangi si mzuri kifuani.