Kilti ya Kwanza: Pima Kitovuni, Ukoo Baadaye

Msimu wa harusi umefika Uskoti na barua za kilti, lile vazi la Kiskoti la wanaume lenye marinda kama sketi, zimejaa. Wengine nimewajibu kwa mstari mmoja, wasinune.

Naoa Perth mwezi wa Agosti. Wakwe wanataka nivae kilti, lakini mimi mtu wa Mombasa, sina ukoo wa Kiskoti. Nivae tartani ya nani? (Bwana harusi mtarajiwa, Glasgow)

Tartani ni kitambaa cha miraba ya rangi tu. Vaa yoyote uipendayo, ila ile ya Balmoral, ambayo ni ya familia ya kifalme. Sheria ya kukukataza nyingine haipo. Na hii hofu ya ukoo inayowanyima watu usingizi ina umri mdogo kuliko wengi wanavyodhani. Baada ya vita vya Culloden mwaka 1746, ambapo waasi wa Highland, yaani milima ya kaskazini mwa Uskoti, walishindwa, serikali iliwapiga marufuku wanaume wa huko kuvaa mavazi yao, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi 1782. Mwaka 1822 Mfalme George wa Nne akazuru Edinburgh, mwandishi Walter Scott akasimamia sherehe, na ghafla kila bwana mkubwa akataka tartani yenye jina lake. Wafumaji kama Wilsons wa Bannockburn, ambao awali vitambaa vyao vingine waliviuza kwa namba tu, walikuwa tayari kumhudumia. Tartani nyingi za koo zilipata majina yake katika biashara ya karne hiyo ya 19.

Kwa hiyo tulia. Tartani ya Black Watch, ya kijani na buluu iliyokolea, huvaliwa na mtu yeyote na inakubali shati lolote. Lakini kama familia ya mchumba ina tartani yake, muulize baba mkwe kama atapenda uivae. Hulazimiki, ila ni adabu, na ukimwuliza umeshapata nusu ya moyo wake. Duka likijitolea kukutafutia ukoo wa jina lako la Kidigo kwenye kompyuta, toka nje. Hapo unauziwa cheti.

Navaa suruali namba 34. Nimeagiza kilti ya 34 na haifungi. Duka limenidanganya? (Msomaji, Aberdeen)

Duka halijakudanganya. Umejidanganya mwenyewe, na swali hili nimelijibu mpaka nimechoka. Namba ya jinzi si kipimo cha mwili wako, na jinzi yenyewe inakaa chini ya tumbo. Kilti hukaa juu, usawa wa kitovu. Chukua utepe wa fundi, pima kiuno hapo kitovuni, kisha pima makalio mahali palipo panene zaidi, halafu urefu kutoka kitovuni hadi katikati ya pia ya goti. Mwombe mtu akupimie. Ukijipima peke yako utainama kutazama utepe, na urefu utaharibika. Tumbo usilivute ndani, maana siku ya harusi utakula.

Karibu kila kosa ninaloliona kwenye picha mnazonitumia linaanzia hapa. Kilti ikishushwa nyongani, pindo linafunika magoti na mtu anaonekana mfupi. Kizibao cha Prince Charlie, lile koti fupi rasmi la kuvalia kilti, kimekatwa kifupi makusudi kwa sababu kilti inatakiwa kupanda, sasa wewe umeishusha, shati jeupe linachungulia katikati, unavutavuta kizibao ukumbi mzima. Jaribu hivi: piga magoti sakafuni. Pindo likigusa chini, ama kilti ni ndefu ama umeivalia chini.

Na jamani, marinda ni nyuma. Mbele ni pale bapa, na upande wenye nyuzi za matamvua uwe kuliani kwako.

Ndani mtu anavaa kitu? (Wengi mno)

Nguo ya kuazima haisitiri matako. Umeikodi, vaa chupi.

Nimeona kilti kwenye maduka ya mtaa wa Royal Mile kwa bei ya chakula cha mchana. Kuna ubaya? (Mwanafunzi, Edinburgh)

Kwa kushangilia mpira, hakuna. Kwa mahafali yako, upo. Kile ni kitambaa cha plastiki chepesi, marinda machache, na upepo wa Edinburgh unaujua. Kilti rasmi huchukua yadi nane hivi za sufu, yaani zaidi ya mita saba, na uzito huo ndio unaofanya marinda yaanguke vizuri na kurudi mahali pake ukitembea. Iliyoshonwa kwa mkono inagharimu mamia ya pauni na fundi hukuweka wiki kadhaa. Huna hela hiyo? Kodi. Waskoti wenyewe wanakodi kila Jumamosi na hakuna anayewacheka. Kilichokodiwa cha sufu kinakishinda mbali cha kununua cha plastiki, na hilo sitalibadilisha hata mkiniandikia tena.

Ukinunua ya sufu, itunze. Nondo hawajali ulilipa kiasi gani.

Kile kisu cha kwenye soksi, naweza kusafiri nacho kwenda Dar? (Msomaji, Dundee)

Kwenye begi la mkononi, hapana, watakinyang'anya. Kiweke kwenye mzigo unaoingia tumboni mwa ndege, na uliza shirika lako kwanza. Ndani ya Uskoti sheria inaruhusu kisu hicho, sgian dubh, kama sehemu ya vazi la taifa, ila ukumbi unaweza kukukatalia mlangoni. Huchomekwa kwenye soksi ya kulia kama unatumia mkono wa kulia, ncha ya mpini tu ionekane. Usikitoe kuwaonyesha watoto. Wala keki haikatwi nacho.

Arusi ni saa saba mchana. Prince Charlie ni sawa? (Msomaji, Inverness)

Hilo kwa asili ni koti la jioni, na tai ya kipepeo. Mchana vaa koti la Argyll au la twidi na tai ndefu. Wapo watakaokuja na Prince Charlie tangu asubuhi kwa sababu duka liliwapa hilo, usiwaseme. Ila ukivaa kizibao, mkanda mpana wa kiunoni uache nyumbani.

Pini ile ya mbele ya kilti inashika nini? (Msomaji, Stirling)

Kitambaa cha juu peke yake. Ukishika vyote viwili utakichana siku utakayokaa vibaya.

Baba yangu, Tanga, anasema hilo vazi la kike. Nimjibu nini? (Msomaji, Glasgow)

Mpe shikamoo yake kwanza. Kisha mkumbushe kwa upole anachovaa yeye kibarazani jioni, msuli, nao haujawahi kumpunguzia uanaume. Vikosi vya Highland viliingia mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza na kilti zao.

Na kwenye dansi? (Huyohuyo)

Sporani, ule mkoba unaoning'inia mbele ya kilti, isukume upande wa nyonga kabla ya muziki, vinginevyo kwenye dansi ya Strip the Willow itakupiga mahali usipopapenda. Ukirudi kitini, pitisha mkono nyuma ulaze marinda ndipo ukae, magoti yakikaribiana. Kamba za viatu zizungushe juu ya kifundo na uzifunge mafundo mawili, maana zikilegea ukumbini atakayezikanyaga ni shangazi wa bibi harusi.