Kaka yako hataacha dawa baada ya kupandikizwa figo

Dada yangu, umeuliza iwapo ni kweli, kama alivyosema jirani yenu, kwamba kaka yako akishapandikizwa figo atatumia dawa kwa mwaka mmoja tu. Si kweli. Mimi ninaishi na figo ya dada yangu kwa mwaka wa tisa sasa, na hadi leo ninameza dawa za kupunguza kinga saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, kwa kuwa mwili hauachi kuiona figo hiyo kuwa ngeni. Upandikizaji wa kwanza uliofaulu, Boston mwaka 1954, ulifanywa kati ya pacha wa kufanana, ndiyo maana wao hawakuzihitaji.

Kinachochosha zaidi ya kidonge ni uangalifu wake. Siku ya kupimwa kiwango cha takrolimasi, mojawapo ya dawa zangu hizo za kupunguza kinga, hufunga dozi ya asubuhi katika karatasi, nikavuka feri ya Likoni bila kuimeza, nikatolewa damu kwanza, kisha nikaimeza papo hapo kwenye benchi, kwani ukitangulia kumeza kipimo hakitakuwa sahihi. Balungi nimeliacha kabisa, maana huzidisha dawa hiyo katika damu.

Mwaka wa tatu nilishikwa na kikohozi, na duka moja la dawa likaniuzia erithromaisini, dawa ya kuua bakteria, bila kuniuliza ninatumia nini, nami sikusema. Siku ya nne mkono ulinitetemeka hata kahawa ikamwagika kabla kikombe hakijafika mdomoni. Erithromaisini ilikuwa imeipandisha takrolimasi kupita kiasi, kreatinini nayo, taka ya damuni inayoonyesha figo inavyofanya kazi, ikapanda, nikalazwa siku sita. Tangu hapo simezi chochote kabla daktari wangu wa figo hajakijua, hata dawa ya maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo watu hununua ovyo, huumiza figo.

Kuhusu Ramadhani, ambayo najua itawashughulisha, hapa kwetu tangu alfajiri hadi magharibi hupita zaidi ya saa 12, kwa hiyo dozi zangu haziwezi kukaa katika nafasi zake. Daktari alinikataza kufunga, nami hutoa fidia. Iliniuma sana mwaka wa kwanza.

Kaka yako asingoje chupa iishe ndipo aanze kutafuta dawa nyingine. Na mmoja wenu pale nyumbani ajifunze majina ya dawa zake na kiasi cha kila dozi, kwa sababu siku atakayozidiwa huenda asiweze kuyataja mwenyewe.