Maswali ya Wasomaji: Katalonia, Nje ya Barcelona

Naenda Katalonia, kaskazini-mashariki mwa Hispania, kwa siku saba. Kihispania changu kidogo kitatosha, au nijifunze Kikatalani?

Kwa kuelewana kitatosha, kwani karibu kila mtu huko anajua Kihispania. Shida iko kwenye mabango: *tancat* ni pamefungwa, *obert* ni wazi, *sortida* ni njia ya kutokea. Matamshi hayatakusumbua sana. Ile *ny* ya Catalunya ni ny ya nyumba, *tx* ni ch, na *x* mwanzoni mwa neno mara nyingi ni sh. Wengi hujikwaa kwenye *ig* inayomalizia neno: jina Puig hutamkwa "puch".

Tafadhali usikiite Kikatalani lahaja ya Kihispania. Ni lugha kamili iliyotokana na Kilatini, kama Kihispania chenyewe, na chini ya utawala wa dikteta Franco (1939–1975) ilifukuzwa shuleni na ofisini. Ukiingia dukani anza na *bon dia*, ukitoka sema *gràcies* au *merci*. Maneno mawili hayo yanapokelewa kwa furaha ya kweli.

Nasikia wageni hukosea njia ya kwenda monasteri ya Montserrat. Wapi hasa?

Kwenye kituo cha kushukia. Treni ya R5 kutoka Plaça Espanya, Barcelona, hufika kwanza Aeri de Montserrat, penye gari la kebo, kisha Monistrol de Montserrat, penye treni ya reli ya meno, *cremallera*. Tiketi ya pamoja unayonunua Barcelona ni ya njia moja tu kati ya hizo mbili. Ukishuka kituo kisicho chako, utangoja treni nyingine au ulipe upya. Upepo ukiwa mkali gari la kebo husimama, kwa hiyo siku kama hiyo chagua cremallera.

Mkate wao wa nyanya, *pa amb tomàquet*, nikiupika nyumbani unaloa. Nakosea nini?

Huenda unakwaruza nyanya na kuimwaga juu. Kata mkate mgumu kiasi, unene wa kidole, uubanike. Ukipenda kitunguu saumu, sugua sasa hivi, mkate ukiwa bado mkavu na unakwaruza. Kata nyanya katikati kwa upana, sugua upande uliokatwa hadi mkononi libaki ganda tu. Chumvi, kisha mafuta ya zeituni mwishoni. Mafuta yakitangulia, maji ya nyanya hayaingii ndani, yanateleza juu. Wenyewe hupenda *tomàquet de penjar*, nyanya ndogo zinazofungwa kwenye uzi na kutundikwa, nazo hukaa miezi kadhaa bila kuoza.

Nikiwa na siku mbili za milima, niende wapi?

Vall de Boí, bonde la milima ya Pirenei, bila kusita, na kwa gari, maana mabasi ni machache. Makanisa yake ya mawe yaliingia Urithi wa Dunia mwaka 2000. La Sant Climent de Taüll liliwekwa wakfu mwaka 1123. Ila ujue mapema: michoro yake asilia haipo pale. Ilibanduliwa ukutani karne moja iliyopita, wafanyabiashara wasije wakaiuza nje, na sasa iko katika makumbusho ya MNAC, Barcelona. Kanisani utaona picha ya mwanga ikirudishwa juu ya ukuta uleule. Anza na MNAC. Ukifika Taüll utajua unatazama nini.

Hifadhi ya Aigüestortes iko jirani, lakini magari binafsi hayaruhusiwi ndani. Panda teksi za hifadhi kijijini Boí, au tembea kwa miguu.

Siku ya pili pita handaki la Vielha uingie Val d'Aran. Maji ya bonde hilo hutiririka kuelekea Ufaransa, na kabla ya handaki kufunguliwa mwaka 1948 theluji ililitenga na Hispania miezi mingi. Ndiyo sababu lugha yake ni nyingine tena, Kiaranese, tawi la Kioksitani, nayo ni lugha rasmi. Kuanzia Novemba beba minyororo ya matairi, na ujaribu kuifunga ukiwa bado bondeni, mikono ikiwa na joto.